Seli 20 Mwanzo, Seli 20 Mwisho

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Mtwara mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wao wa sayansi na wauguzi. Nimeiandika upya kutoka kwenye kinasa sauti, na nimebakiza baadhi ya maneno ya ukumbini.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, dada zangu wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa, na ninyi wadogo zangu mliovaa sare, habari za asubuhi.

Kabla sijaeleza mimi ni nani, naomba tufanye kazi kidogo. Nina video ya sekunde 12. Ndani yake mna seli za saratani zilizowekewa dawa. Kwanza nitawaonyesha picha ya mwanzo, na wote mtahesabu. Halafu ninyi mlioketi upande wa dirishani mtafumba macho, mwenye kanga ajifunike, na mtafumbua nikiwaambia. Ninyi wa upande wa mlangoni mtaitazama yote.

(Video ikachezwa.)

Haya, dirishani. Mwanzo mlihesabu ngapi? Ishirini. Na sasa hivi mnaona ngapi? Ishirini. Basi ninyi ndio mabingwa, nipeni jibu: dawa imefanya kazi? Nasikia "haijafanya kitu". Mmejibu sawasawa na mlichokiona. Mlangoni, mbona mnanong'ona? Dada, sema. "Zimekufa." Ngapi? "Kama saba." Mwingine? "Nane." Nane ndiyo yenyewe.

Seli nane zimekufa mbele ya macho yenu. Zilinywea, zikatokota kama uji jikoni, zikavunjika vipande, na vipande vikaelea nje ya picha. Wakati huohuo nyingine zilikuwa zinagawanyika. Toa nane, ongeza nane, unarudi palepale kwenye 20. Aliyehesabu mwanzo na mwisho amehesabu vizuri, ila habari yote imempita.

Na kuna jambo la pili, ambalo hata ninyi wa mlangoni hamkuliona, kwa sababu jicho haliwezi kufuata vitu 20 kwa mpigo. Kompyuta imelifuata. Zile nane zilizoongezeka zote zimetoka kwa seli tano tu. Tano ziligawanyika, kisha mabinti watatu kati ya hao wakagawanyika tena. Seli nyingine saba zilikaa tu, hazikufa wala hazikuzaa. Kwa hiyo kati ya 20 mnazoziona mwishoni, 13 ni ukoo wa seli tano. Hizo tano ndizo zilizonileta hapa leo.

Sisi wa huku kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo tunaufuata kwa mama. Mtu akikuuliza wewe ni nani, anataka kujua tumbo lililokuzaa. Katika maabara ninafanya kazi hiyohiyo. Kila seli ninayoikuta mwishoni nairudisha nyuma, picha kwa picha, mpaka nimjue mama yake na bibi yake, na nijue ndugu zake walikufa saa ngapi.

Ukisimama Mikindani ukapiga picha moja ya ghuba, ukampelekea mtu wa Dodoma, hataweza kukuambia kama maji yanajaa au yanakupwa. Ngalawa imelala ubavu mchangani: imeachwa na maji au inayangojea? Piga picha nyingine kesho yake, ukichelewa kwa kama dakika 50 kuliko leo, utakuta maji yamesimama karibu palepale. Mtu wa Dodoma akiziweka picha mbili pamoja atadhani bahari ya kwetu haisogei. Miaka mingi dawa za saratani zimepimwa namna hiyo: unahesabu seli kabla, unahesabu baada ya siku tatu, unaandika namba. Namba hiyo ina faida yake na bado tunaitumia. Mimi nataka kuzungumzia yaliyotokea katikati.

Sasa nijieleze. Mama yangu mkubwa alikuwa mtu wa Kitangari. Alianza kutokwa na damu wakati hedhi yake ilikwisha kukoma, na mahali pa kwanza alipokwenda alipewa vidonge vya maambukizi, akarudi, akapewa tena. Ilipojulikana kuwa ni saratani ya mlango wa kizazi, tulimsindikiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa basi, akiwa amekalia mto. Akapata mionzi, akapata dripu za dawa. Alipopimwa tena tukaambiwa uvimbe umesinyaa sana. Tulirudi naye kijijini, tukachinja mbuzi, tukapika pilau. Nilikuwa kidato cha nne. Miezi saba baadaye uvimbe ulirudi, na safari hii haukusikia dawa.

Waliomtibu mwishoni walifanya kazi yao kwa moyo, na ninawashukuru. Lakini nilibaki na swali ambalo halijaniacha mpaka leo: zile seli zilizobaki zilikuwa zinafanya nini wakati sisi tunakula pilau?

Ili tulijibu, inabidi tujue seli inavyokufa. Mwaka 1972 watu watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliandika makala kuhusu namna ya kufa ambayo wengi walikuwa wameiona kwenye hadubini na kuipita. Wakaipa jina la Kigiriki, apoptosisi, maana yake kupukutika kwa majani. Jina hilo linamfaa mtu wa pwani hii. Mbuyu ukipukutisha majani wakati wa kiangazi, hakuna anayekuja na shoka akisema umekufa. Mti unayaangusha wenyewe, kwa utaratibu wake. Seli nayo ina utaratibu huo ndani yake. Ikipata amri inajikata: protini ziitwazo kaspesi zinaanza kukatakata nguzo za ndani, kiini kinasinyaa, ngozi ya seli inatoa mapovu, kisha kila kipande kinafungwa kama mzigo mdogo, na seli jirani zinakuja kukila. Hakuna kinachomwagika.

Mikono yenu hiyo mnayoandikia ilianza tumboni mwa mama ikiwa bapa kama kasia. Seli zilizokuwa katikati ya vidole zikafa kwa njia hii, vidole vikatokea. Kwetu mchongaji wa mpingo hafanyi kitu kingine: anaondoa, anaondoa, mpaka ule mti wa watu waliobebana unabaki umesimama. Asiye fundi akipita karibu anaona vibanzi tu chini. Mwili umechongwa kwa vifo.

Ziko namna nyingine za kufa. Katika nekrosisi seli inajaa maji, inavimba, inapasuka, na uchafu wake unamwagikia majirani, hapo panavimba na kuuma. Kwa mgonjwa tofauti hii ni kubwa, kwa sababu seli iliyopasuka inaamsha kinga ya mwili kwa namna isiyofanana na ile iliyokufa kimyakimya. Lakini katika sahani ya maabara hamna seli za kula mizoga. Hata ile iliyokufa kwa utaratibu, ikiachwa pale, mwisho hutoboka na kuvuja. Tuna rangi nyekundu inayoingia tu kwenye seli iliyotoboka. Siku ya tatu unakuta zote zimekuwa nyekundu, na hujui ipi ilijikata na ipi ilipasuka. Ni sawa na kufika msibani siku ya arobaini ukitaka kujua marehemu aliumwa nini. Video inakufikisha pale saa yenyewe.

Saratani ya mama mkubwa husababishwa na virusi vya papiloma. Virusi hivi vina protini iitwayo E6, na kazi yake mojawapo ni ya ukatili: inaikamata protini ya seli iitwayo p53 na kuipeleka ikaharibiwe. Protini hiyo ya p53 ndiyo inayoitazama seli iliyoharibika na kuipa amri ijikate. Ikiondolewa, seli iliyoharibika inaendelea kuishi na kuzaa kama hakuna kilichotokea. Wauguzi mnaowachoma sindano mabinti wetu tangu chanjo ya virusi hivi ilipoanza nchi nzima mwaka 2018, mnailinda p53 bila kuitaja. Na ninyi mnaopima mlango wa kizazi wa akina mama kwa siki, mkangoja dakika moja muone kama doa jeupe linatokea, mnafanya nami kazi moja: kutazama kitu kinavyobadilika.

Seli zilizotumika zaidi duniani katika video za aina hii zilitoka kwa mwanamke mwenye ugonjwa huohuo. Aliitwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, mama wa watoto watano, aliyefariki mwaka 1951 huko Baltimore akiwa na miaka 31. Kipande cha uvimbe wake kilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, na seli zake zinaendelea kugawanyika katika maabara mpaka leo. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Kila ninapofungua chupa ya seli hizo ninalitaja jina lake kamili moyoni. Nawaomba nanyi mlishike, kwa sababu siku moja mtakuwa ninyi mnaokwenda kwa mama aliyelala kitandani kumwomba kipande cha mwili wake.

Tunazifugaje? Zamani, na mara nyingi hata sasa, seli zinakuzwa zikiwa zimetandazwa chini ya sahani, safu moja kama dagaa waliotandazwa juani. Kila moja inapata hewa, inapata chakula, inapata dawa sawa na mwenzake. Uvimbe wa kweli hauko hivyo, ni donge. Kwa hiyo tunatengeneza madonge madogo ya seli. Unaweka seli kwenye kishimo kidogo ambacho chini yake kuna uteute usioshikika, zinakosa pa kung'ang'ania, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Baada ya siku mbili au tatu una tufe, tunaliita sferoidi, nusu milimita hivi, kama kichwa cha pini. Uteute tunaoutumia mara nyingi ni agarosi, na agarosi hutokana na mwani mwekundu. Aina wanayolima mama zetu huku pwani inatoa kitu kingine kiitwacho karagini, lakini ni jamaa wa mwani huohuo. Nilifurahi sana siku nilipolijua hilo.

Kuna na oganoidi, ambazo hukuzwa kutoka kwa seli mama, yaani zile zinazoweza kuzaa seli za aina mbalimbali, za kiungo au za uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, zikajipanga kama kiungo kilichozitoa. Hans Clevers na Toshiro Sato walionyesha njia hiyo kwa utumbo mwaka 2009, kule Uholanzi. Leo nitabaki na tufe.

Likikua, tufe linagawanyika mitaa mitatu. Nje kuna seli zinazozaa kwa kasi. Ndani kidogo kuna seli zilizolala, hai lakini hazizai. Katikati kabisa ni makaburi, kwa sababu oksijeni haifiki. Mwaka 1955, R. H. Thomlinson na L. H. Gray walipima uvimbe wa mapafu ya wagonjwa wakakuta jambo hilohilo: ukienda mbali na mshipa wa damu kiasi cha milimita 0.2, unakuta seli zimekufa. Tufe letu la maabara linaiga umbali huo vizuri.

Wenye mikorosho hapa mnajua ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga. Mnajua kuwa ukipulizia salfa na mkorosho umefunga matawi, majani ya nje yanapata na ya ndani yanakosa, na ugonjwa unaanzia humo kurudi nje. Dawa ya saratani ikiingia kwenye tufe, hasa zile zinazoua seli inayogawanyika, inaanza na mtaa wa nje. Seli za nje zinakufa, zinamomonyoka. Tufe linapungua. Aliyepima kipenyo anafurahi, anaandika kuwa limesinyaa. Lakini sasa mtaa wa pili, wale waliolala, wamekuwa karibu na nje. Oksijeni inawafikia. Chakula kinawafikia. Na dawa imekwisha kuoshwa. Wanaamka.

Hilo nimeliona kwa macho yangu, kwenye video ya siku kumi na moja. Tufe lilisinyaa mpaka siku ya tano, likatulia siku mbili, kisha upande mmoja ukaanza kutoa kinundu. Niliisimamisha video, nikatoka nje ya maabara, nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeiona pilau ya Kitangari kwa upande wa pili.

Kuna na mtego mwingine, kinyume cha huo. Dawa fulani zinalegeza tufe, seli zinazokufa zinaachana na kutawanyika kama utando kuzunguka lile donge. Ukipima ukubwa wa kivuli chake, tufe limekua. Ukiangalia picha ya mwisho peke yake utasema dawa imechochea saratani, ukaitupa dawa nzuri. Video inaonyesha utando ule ni wa nini: ni mizoga inayobanduka. Ndiyo maana sasa hatutegemei kipenyo pekee. Tunatazama jinsi ukingo ulivyo laini au ulivyochakaa, jinsi rangi ya kifo inavyoenea kutoka wapi kwenda wapi, na kwa kasi gani.

Jinsi tunavyopiga ni rahisi kueleza. Hadubini inakaa ndani ya inkubeta, yaani kabati la kukuzia seli, au inavishwa kibanda chenye joto la nyuzi 37 na hewa ya kabonidayoksaidi asilimia 5, kama mwilini. Kamera inapiga picha kila dakika 15. Siku tatu ni saa 72, kwa hiyo picha 288. Ukizicheza 24 kwa sekunde, siku tatu zinakuwa sekunde 12, zile mlizoziona. Kwa nini dakika 15? Kwa sababu seli ikishaanza kujikata, kunywea na kuvunjika kwake huchukua kama saa moja au zaidi. Ukipiga kila saa sita utalikosa tendo lenyewe, na seli zitakuwa zimehama, kompyuta itamchanganya huyu na yule, ukoo utavurugika. Basi kwa nini usipige kila dakika? Kwa sababu mwanga nao unaua. Mwanga mkali tunaotumia kuzing'arisha zile rangi huziunguza seli. Mtazamaji mwenye pupa huwaua anaotaka kuwaona, halafu anaisifu dawa. Lazima kila mara uwe na sahani isiyo na dawa, inayopigwa mwanga uleule, ili ujue kifo kipi ni cha dawa na kipi ni chako.

Niliwahi kuponea chupuchupu. Nikiwa mafunzoni, katika maabara ambayo sina haja ya kuitaja, nilikuta asubuhi seli karibu zote zimekufa kwenye sahani za dawa mpya. Moyo ulinidunda. Nikaifungua video. Vifo vilianza katika sahani zote, hata ile isiyo na dawa, kuanzia picha ileile, iliyopigwa kama saa nane usiku. Umeme ulikuwa umekatika na inkubeta ikapoa, halafu ukarudi kabla hatujaamka. Ile ya dawa ilizidi kidogo kwa sababu seli zake zilikuwa tayari zimechoka. Wiki sita za kazi zilikwenda na maji. Lakini kama ningekuwa na hesabu ya mwisho peke yake, na kama ningeitazama kwa hamu niliyokuwa nayo, ningeandika habari ya uongo juu ya dawa, na mtu fulani mwenye mama mkubwa wake angeisoma.

Nirudi kwenye dawa moja mnayoijua bila kujijua. Kuna ua dogo, jeupe au la waridi, petali tano, linaota lenyewe mchangani kando ya nyumba zetu hapa Mtwara. Asili yake ni Madagaska, ng'ambo ya bahari hii. Miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walipata majani yake yaliyotumwa kutoka Jamaika kwa sababu ya sifa ya kutibu kisukari. Kisukari hayakukigusa, lakini chembe nyeupe za damu za wanyama wa majaribio zilishuka. Humo ikatoka vinblastini, na baadaye ndugu yake vinkristini, ambayo leo inawatibu watoto wenye saratani ya damu na wale wenye uvimbe wa taya aliouandikia daktari Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958. Nawasihi mama zangu, msiende kuchemsha majani hayo. Ni sumu, kinachotibu ni kipimo.

Dawa hii inavunja kamba ambazo seli hutumia kuvuta kromosomu pande mbili inapogawanyika. Kwenye video unaiona seli inakuwa duara, inang'aa, tayari kugawanyika, halafu inakwama. Inakaa hivyo saa nyingi. Na hapa ndipo ninapowaomba watu watazame pamoja nami. Seli mbili zimekaa jirani, sahani moja, dawa moja. Moja inakwama saa kumi na kufa. Jirani yake inakwama saa kumi na nane, halafu inateleza, inarudi kutandaa chini bila kugawanyika, hai. Mwaka 2008 Karen Gascoigne na Stephen Taylor wa Manchester walionyesha kuwa hata seli za aina moja hutofautiana hivyo mno zikikwamishwa na dawa za namna hii. Neno "dawa imeua nusu" linaficha kisa hicho chote.

Uvimbe ule wa taya ndio unaokua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu, na bado ukiutazama kwenye hadubini unakuta umejaa madoa meupe, wataalamu wakaufananisha na anga lenye nyota. Kila nyota ni seli mlaji iliyojaza tumbo kwa mizoga ya seli za saratani. Uvimbe unazaa na kufiwa kwa wakati mmoja, kila siku. Yaani ile 20 mwanzo na 20 mwisho ipo ndani ya shavu la mtoto, tofauti ni kwamba pale kuzaa kumezidi.

Sasa wadogo zangu. Yupo aliyeniambia mlangoni kuwa haya ni mambo ya Ulaya. Hadubini ya namna ile ni ghali, kweli. Lakini kuichambua video hakuhitaji hadubini. Programu ya ImageJ, iliyotoka katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, ni ya bure. CellProfiler, iliyotolewa mwaka 2006, ni ya bure. Video za seli, zikiwamo za Henrietta Lacks, zimewekwa wazi kwenye intaneti ili watu wapimane uwezo wa kuzifuatilia. Na kompyuta hizi hazijui kifo ni nini mpaka mtu akae azioneshe: hapa ndipo ukingo wa seli ulipo, hapa imetoa povu, hapa imekufa. Inahitaji jicho na uvumilivu. John Sulston alimfuatilia mnyoo mmoja wa urefu wa milimita moja tangu yai, kwa macho yake, akichora kwa mkono saa nyingi kila siku kwa zaidi ya mwaka. Ukoo mzima wa seli za mnyoo ule ulipokamilika ulionyesha kuwa mwili unatengeneza seli 1,090, na 131 kati yake hufa kwa amri, kila mara zilezile. Kutokana na kazi hiyo yeye, Sydney Brenner na Robert Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mtoto wa mvuvi anayekaa na mshipi tangu alfajiri anao uvumilivu huo.

Nimeacha kompyuta mpakato moja kwa mwalimu wenu wa baiolojia. Ina programu na video sita.

Nakaribisha maswali.

(Wakasimama wengi. Naandika swali moja tu, la binti wa kidato cha tano aliyekuwa upande wa dirishani, wale waliofumba macho.)

Aliuliza: "Zile tano, kabla hazijagawanyika, zilikuwa na alama yoyote?"

Nilimjibu hivi. Kwa sura, hapana, zilifanana na wenzake. Kwa ndani, zilitofautiana. Mwaka 2009 kundi la Peter Sorger huko Harvard lilifuatilia seli dada, zilizotoka kwa mama mmoja, zikapewa amri ya kufa. Zile zilizokuwa zimetengana muda mfupi tu zilikufa karibu wakati mmoja, kwa sababu ziligawana protini za mama sawasawa. Kadiri muda ulivyopita tangu kutengana, ndivyo saa zao za kufa zilivyopishana, ingawa jeni ni zilezile. Protini zinapungua hapa, zinaongezeka pale, na tofauti hiyo ndogo inamwokoa mmoja. Kwa hiyo alama haiko usoni, iko katika historia yake ya saa chache zilizopita, na historia utaipata kwa kurudisha video nyuma.

Akasema, "Basi irudishe."

Tukairudisha. Watu walikuwa wanatoka, viti vinakokotwa, na yeye amekaa mbele ya kompyuta na kalamu na daftari la mazoezi. Alichora jedwali la safu wima tatu: seli, picha, kilichotokea. Mstari wa kwanza akaandika: seli ya 14, picha ya 203, imekufa. Wa pili akaukosea, kwa sababu seli mbili zilipishana na akamfuata asiye wake. Akaufuta, akarudi picha ya kwanza.